Mchezo wa Gololi Katika Chumba cha Mazoezi

Wiki ya kwanza ya kustaafu nililala. Ya pili nililala pia. Ya tatu, dada aliyekabidhiwa chumba changu cha mazoezi hospitalini alinipigia simu kuuliza mambo mawili: ufunguo wa kabati la magango uko wapi, na kwa nini kompyuta ya mazoezi ina mchezo wa watoto. La ufunguo nilimjibu papo hapo. Kabati lile halijawahi kufungwa tangu niingie, kitasa chake ni pambo. La mchezo nilimwambia nitaliandika, kwa sababu kwenye simu ningelipunguza, na nimelipunguza mara nyingi mno.

Basi dada, na wengine mtakaopita chumba kile baada yako, someni mkiwa na nafasi. Sina haraka tena, na magoti yangu hayaniruhusu kuwa nayo.

Nilifika katika hospitali ile ya kando ya mto nikiwa na cheti kipya cha tiba ya viungo na viatu vyeupe. Nimezaliwa pande za Ngao, mashamba ya wazazi wangu yanalambwa na Tana kila mafuriko, kwa hiyo matope nayajua. Lakini chuoni walisema viatu vyeupe, nami nikanunua vyeupe. Fundi wa magango, yale ya kushikiza mkono au mguu usipinde, Mzee Jilo, alikuwa amekaa mlangoni akipiga randa kipande cha mbao. Alinitazama miguuni kwanza.

"Hivyo ni vya harusi ya nani?" akauliza.

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Hakuwa na cheti cha aina yoyote. Alikuwa seremala aliyeitwa kutengeneza mguu wa kitanda, akaonekana ana mkono mzuri, akabaki. Alinionyesha jinsi ya kukata tyubu ya baiskeli iwe mkanda wa kuvutia misuli, jinsi ya kujaza mchanga katika chupa za dawa ziwe uzito wa kunyanyua, na jinsi ya kuficha vifungo ndani ya beseni la maharagwe ili mgonjwa avitafute kwa vidole. Alinifundisha pia kuushika mkono wa mgonjwa kabla ya kufungua faili. "Faili linakwambia alivyokuwa," alisema. "Mkono unakwambia alivyo leo." Alipofariki tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka kumi na kitu, na randa yake iko chini ya meza hadi leo. Usiitupe.

Tatizo la kazi yetu halikuwa vifaa. Tatizo lilikuwa mazoezi yenyewe kuchosha. Mtu mzima aliyewahi kulima, kuchunga ng'ombe na kuzika watu, unamwambia akamue mpira wa tenisi mara thelathini, halafu arudie. Siku ya kwanza anakamua. Siku ya tatu anatazama dirishani. Wiki ya pili haji. Wale waliokuja hadi mwisho, wengi walikuja kwa sababu walikuwa na adabu, na sikuwahi kuona adabu ikiandikwa katika vitabu vya tiba.

Kompyuta ililetwa kwa ajili ya ripoti za mwezi. Baada ya muda mfupi ikajaa virusi, ikawa inajizima ikijisikia. Guyo, aliyekuwa karani wa rekodi na ndiye peke yake kati yetu aliyeelewa vitu hivyo, aliifuta yote akaweka mfumo mwingine, ule wa programu huria. Ndani ya mfumo ule mchezo ulikuja wenyewe. Hakuna aliyeuomba.

Ni mchezo wa mpira mdogo juu ya sakafu inayoelea hewani. Mpira wenyewe huugusi. Unachofanya ni kuinamisha sakafu: ukisogeza kipanya mbele, sakafu inainama mbele na mpira unaviringika; ukisogeza kando, unaenda kando. Kuna mashimo, kuna njia nyembamba kama ukuta wa mfereji, kuna vidude vya njano vya kuokota, na mwisho kuna lango. Ukifika langoni kabla ya saa kwisha, kunapigwa tarumbeta na unapelekwa hatua inayofuata. Ukidondoka, unaanza upya. Wenyewe una jina la kigeni. Sisi tuliuita Gololi.

Siku moja nilikuwa na mzee wa Kiorma aliyepatwa na kiharusi, mkono wa kulia umelala. Mpira wa tenisi alikuwa ameukataa kwa heshima zote. "Daktari, mimi si mtoto," aliniambia. Mimi si daktari, lakini nilishachoka kusahihisha. Guyo alikuwa amekaa kwenye kompyuta akijifanya anaingiza ripoti, kumbe anacheza. Mzee akatazama. Mpira ukadondoka. Mzee akacheka, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Hii kitu iko na kiburi," akasema. "Leta mimi naona."

Nikamwekea mkono juu ya kipanya, nikafunga kiganja chake kwa bendeji laini kisiteleze. Alidondosha mpira asubuhi nzima. Alipoondoka, kiwiko chake kilikuwa kimesogea kuliko wiki tatu zote zilizopita, na hakuwa amehesabu hata mara moja. Kesho yake alikuja kabla sijafungua mlango.

Kutoka hapo Gololi ikawa kifaa cha chumba kama beseni la maharagwe. Niliitumia kwa waliopooza, kwa waliovunjika vifundo, kwa walioungua. Nilijua hatua zote hadi ya thelathini. Nilijua ya nne inataka kifundo cha mkono, ya tisa inataka vidole, na ya ishirini, ambayo ni njia nyembamba inayojipinda kama nyoka, inataka kila kitu. Nilianza kuandika katika faili za watu: "Amefika hatua ya saba." Nilidhani nimepata kipimo. Hakuna aliyenizuia, na kwa kweli hakuna aliyekuwa akisoma.

Hapo ndipo alipokuja Kadzo.

Kadzo alikuwa Mgiriama wa Chara, mama wa watoto wanne, familia yao ilihamia huku deltani kutoka kusini tangu enzi za babu yake. Mumewe alikuwa huko Bura, akilima shamba la mtu katika skimu ya umwagiliaji, anarudi kwa pikipiki mara moja kwa muda mrefu. Kadzo alilima mpunga mwenyewe. Alikuwa akifyeka kingo za majaruba, vile vitalu vya mpunga vinavyotuamisha maji, akateleza kwenye tope, akaangukia panga lake. Panga lilipita upande wa ndani wa kifundo cha mkono wa kulia. Kano nne za kukunjia vidole zilikatika. Alipelekwa Mombasa, akashonwa vizuri sana na daktari ambaye sikuwahi kumwona, ila kazi yake niliiheshimu. Akarudishwa kwetu na gango la plasta na barua.

Kwa wale ambao hawajakutana nayo: kano iliyoshonwa ni kitu cha hila. Usipoisogeza, inagandamana na nyama na vidole vinakuwa vijiti. Ukiivuta kwa nguvu kabla ya wakati, inakatika pale pale iliposhonwa. Katikati ya hizo mbili kuna njia nyembamba, na kazi yetu ni kumpitisha mtu hapo kwa muda wa miezi mitatu. Gololi ilifaa hasa kwa hilo. Kipanya hakina uzito. Vidole vinacheza, kano zinateleza, hakuna kinachovutwa.

Nilimwambia siku ya kwanza, mbele ya Guyo, "Usibebe kitu kizito kuliko kikombe cha chai mpaka nikuambie."

"Mpaka uniambie," akarudia.

Kadzo hakucheza kama wengine. Wengine walikimbilia lango. Yeye aliitazama sakafu kwanza, akatingisha kidogo huku, kidogo kule, kama mtu anayesikiliza. Niliuliza anafanya nini. Akasema, "Natafuta maji yangekwenda wapi." Alikuwa amesawazisha majaruba maisha yake yote, na kwake mpira ule ulikuwa maji tu yaliyovaa umbo jingine. Alipita hatua ambazo mimi mwenyewe nilizikwepa.

Ila kila siku, akiondoka, aliuliza swali moja. "Mama, huu mkono utapona lini?"

Nami kila siku nilimjibu kitu. Tutaona. Bado kidogo. Mungu akijalia. Siku moja nilikuwa na watu watano kwenye benchi, mwenzangu wa zamu yuko likizo, mtoto mwenye plasta analia kitandani, na mimi najaza fomu ya kuomba bendeji ambazo najua hazitaletwa. Kadzo akauliza. Sikuinua macho.

"Wewe uko hatua ya kumi na sita," nikasema. "Ukimaliza ya ishirini utakuwa umepona."

Hivyo tu. Nikaendelea na fomu.

Siku nne baadaye alimaliza ya ishirini. Tarumbeta ikalia, benchi zima likapiga makofi, na mimi nikapiga makofi pia. Ilikuwa wiki ya saba tangu ashonwe. Sikukumbuka nilichokuwa nimemwambia. Nilimwandikia tarehe ya kurudi, akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akaenda zake Chara.

Mpunga ulikuwa umekomaa, ndege wanashuka kwa makundi, na mume hayupo. Kadzo alichukua mundu akaingia jarubani. Aliniambia baadaye kwamba alivuna mstari mmoja na nusu. Halafu akasikia kitu ndani ya mkono, si maumivu makali, ila kama uzi wa gunia unaoachia. Vidole viwili vya mwisho vikafunguka vyenyewe na havikufunga tena.

Alipoingia chumbani sikuhitaji kufungua faili. Niliushika mkono, nikamwambia akunje, nikaona. Nikamuuliza, "Ulishika nini?"

"Mundu."

"Kadzo! Nilikuambia nini?"

Alinitazama tu. Nilidhani ni aibu. Nikakaa nikaandika barua ya kumrudisha Mombasa, na katika barua ile niliandika sentensi ambayo bado naiona nikifumba macho: "Mgonjwa hakufuata maelekezo aliyopewa." Nikaifunga katika bahasha. Ni sentensi tunayoiandika sote. Inatoka kwenye kalamu yenyewe.

Kesho yake alirudi na bahasha mkononi, imefunguliwa. Alikuwa amesoma hadi darasa la saba, na alitaka kujua anabeba nini. Barua ilikuwa ya Kiingereza, lakini Guyo alimsomea maneno mawili matatu yaliyomshinda. Chumbani kulikuwa na wagonjwa wengine. Hakupandisha sauti.

"Mama, hapa umeandika sikufuata. Nataka unionyeshe ni kipi sikukifuata."

"Nilikwambia usibebe kitu."

"Uliniambia nisibebe mpaka uniambie. Ukaniambia." Alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea kompyuta. "Pale. Ulisema ya ishirini. Nikaimaliza. Ukanipigia makofi."

Nilimtazama Guyo aliyekuwa amesimama mlangoni na mafaili. Alitazama chini. Ndipo ikanirudia yote: fomu ya bendeji, mtoto anayelia, sauti yangu mwenyewe.

Mwanzo nilitaka kumweleza kwamba yalikuwa maneno tu, ya kumtia moyo. Nilianza hata kusema, "Lakini wewe mtu mzima—" Yeye alikuwa mtu mzima aliyemwamini mwenye sare. Nikaichukua barua, nikaichana mbele yake, nikaandika nyingine. Nikaandika kwamba mgonjwa aliambiwa na mhudumu kuwa amepona kabla ya wakati, na kwamba mhudumu huyo ni mimi. Nikaweka majina yangu yote matatu. Nikamsomea kwa Kiswahili, neno kwa neno.

"Hiyo sasa ni kweli," akasema. Akaenda.

Nilipeleka nakala kwa mkuu wangu kabla habari haijamfikia kwa njia nyingine. Niliitwa, nikahojiwa, nikapewa onyo. Yaliyofuata kuhusu cheo sitayaandika, hayamponyi mtu.

Mombasa walimfungua tena. Kano mbili zilikuwa zimerudi nyuma na kusinyaa, wakafanya walichoweza. Kidole cha kati na cha shahada vilibaki vizuri. Cha pete na cha mwisho vinakunjika nusu, basi. Alirudi kwangu kwa mazoezi, na hilo ndilo lililonishinda kulielewa. Kulikuwa na hospitali nyingine. Nilimuuliza kwa nini. Akajibu, "Wewe sasa utaangalia."

Kweli niliangalia. Niliangalia hadi nikachoka uchovu ambao haujaniisha hadi leo.

Gololi nilikuwa nimeifunga. Nilimwambia Guyo aifute. Akasita, akasema, "Mama, tatizo ni mpira au ni tarumbeta?" Nikamwambia sielewi. Ndipo akanieleza jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu miaka yote ile. Mimi nilidhani huria maana yake ni bure. Akanionyesha kwamba maagizo yote ya mchezo yako wazi, yameandikwa katika mafaili, na waliouandika wametoa ruhusa kwa yeyote kuyafungua, kuyabadilisha na kumpa mwingine, mradi na yeye asimfungie anayefuata. Saa, tarumbeta, namba za hatua, vyote vingeweza kutolewa siku ya kwanza. Sikuwahi kuuliza. Niliupokea kama ulivyo, nikamkabidhi mtu mwenye kano zilizoshonwa.

Ilituchukua majuma, Guyo akisoma mafaili wakati wa chai na mimi nikimwambia mkono unahitaji nini. Tuliitoa saa. Tukaitoa tarumbeta. Tukaondoa namba, kila sakafu ikawa haina ya kabla wala ya baada. Mpira ukidondoka unarudi ulipokuwa, si mwanzo. Kadzo ndiye aliyekuwa akijaribu. Alitukosoa bila huruma. Akasema sakafu zetu ni za mtu asiyewahi kulima, kila kitu pembe kali. Akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto akachora jaruba: kingo za chini, mlango wa maji kwenye kona, mteremko ambao huuoni kwa macho ila unausikia kwa mguu. Guyo akaliingiza kwenye mchezo kama lilivyo. Hakuna lango. Mpira unazunguka, unatulia, unauamsha tena. Ukiacha, unaacha.

Guyo akawaandikia watengenezaji, akawapelekea tulichofanya, kwa kuwa ndivyo watu hao wanavyofanya kazi. Mmoja wao akajibu kwa upole, akauliza kwa nini mtu atake mchezo usio na ushindi. Guyo akaniuliza ajibu nini. Nilianza kueleza habari za kano, majuma, tishu, nikafika mbali. Kadzo alikuwa kwenye kiti chake.

"Mwambie kuna watu wakishinda wanaenda kuvuna," akasema.

Guyo akaandika hivyo hivyo, na chini yake maelezo yangu marefu. Baada ya muda walikubali. Kuna toleo lao sasa lenye nafasi ya kuzima saa na tarumbeta, na jaruba limo. Waliuliza waliandike kwa jina gani. Kadzo akasema, "La Kadzo wa Chara." Halafu akafikiri. "Hapana, toeni Chara. Shemeji yangu atasema shamba ni lake."

Baadaye maji ya mto yaliingia chumbani hadi magotini na kompyuta ile ikafa. Hii uliyoikuta ni nyingine. Guyo alipohamishiwa Hola aliuweka mchezo upya kabla ya kuondoka, kutoka huko huko kwa watengenezaji, jaruba likiwa ndani. Kwa hiyo dada, si mchezo wa watoto. Utumie. Ila usiandike chochote kuuhusu katika faili la mtu, na mtu akikuuliza atapona lini, weka kalamu chini kwanza.

Ningeishia hapo, lakini juzi nilikwenda Garsen sokoni kutafuta mbegu za bamia. Kadzo alikuwa amekaa na gunia la mchele wake mbele yake. Tumezeeka wote, yeye kidogo, mimi sana. Alininunulia chai kutoka kwa muuzaji aliyepita, akasukuma ndoo niikalie.

"Nasikia umestaafu, Mama."

"Nimestaafu."

"Kwa hiyo sare hakuna, faili hakuna."

"Hakuna."

Alipima mteja kilo mbili, akafunga, akarudi kwangu. "Basi sasa nikuulize. Kama ningekaa ile miezi mitatu, kama usingesema, huu mkono ungepona?"

Mwaka hadi mwaka sote wawili tulikuwa tumelizunguka swali hilo. Nilikuwa na majibu mengi ya kazini, ya kweli pia: kila mkono ni tofauti, hakuna mwenye uhakika, kano hushikana hata kwa walio waangalifu. Niliiona kazi ya yule daktari wa Mombasa tena, mshono ulivyokuwa safi, vidole vyake vinne vikikunjika wiki ya saba.

"Ungepona," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, taratibu. Akautazama mkono, akaugeuza, akaurudisha mapajani. Sikuomba msamaha. Nilikuwa nimeshauomba, na yeye alikuwa hajawahi kuniambia kama aliupokea.

"Nilitaka kujua tu," akasema.

Jua lilikuwa limeshapanda. Akasimama kufunga gunia aende kivulini, ncha moja ya kamba kwenye mkono wa kushoto, nyingine kwenye meno. Niliinuka nikamshikia mdomo wa gunia mpaka akamaliza kulifunga.